Shajara ya mradi: bikoni za redio za kuisaidia GPS katikati ya Nairobi

Machi. Barabara za majaribio na ukubwa wa kosa

Mzunguko wa kujaribia bikoni, yaani vifaa vidogo vya redio vinavyofungwa kando ya barabara na kupima umbali wake na gari, umekubaliwa: Kenyatta Avenue, Kimathi Street, Mama Ngina Street, Moi Avenue, kisha Kenyatta Avenue tena. Ni mzunguko mfupi, lakini una karibu kila aina ya anga ambayo gari hukutana nayo mjini. Kenyatta Avenue ni pana na antena huona setilaiti za kutosha. Kimathi Street ina majengo marefu pande zote, ikiwemo minara ya duara ya Nation Centre. Eneo la pili ni Uhuru Highway chini ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ambako daraja lenyewe ndilo linaloziba anga.

Tunachotaka ni mahali pa gari panapoaminika: kwamba matatu iko Kimathi wala si barabara ya nyuma yake, na kwamba ambulensi iko chini ya daraja wala si juu yake. Mradi wa Digital Matatus ulichora njia zaidi ya 130 za matatu za Nairobi kwa kutumia simu za kawaida na kutoa ramani yake 2014. Kwa kuchora njia, simu inatosha, kwa sababu mchoraji anaweza kusahihisha kwa jicho. Kwa gari linalofuatiliwa lenyewe, sekunde kwa sekunde, hakuna jicho la kusahihisha.

Kosa linatoka wapi? Kipokezi cha GPS hupima muda ambao ishara imetumia kutoka kwenye setilaiti, iliyo juu takriban kilomita 20,200, kisha huugeuza kuwa umbali. Ishara hiyo hufika chini ikiwa dhaifu mno, karibu −128 dBm, na haipenyi jengo la zege. Mjini hutokea mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mwangwi: ishara ya moja kwa moja imefika, na nakala yake iliyogonga ukuta imefika pia, imechelewa kidogo. Zikichanganyika, umbali unaopimwa unaweza kurefuka au kufupika. La pili ni baya zaidi: ishara ya moja kwa moja imezibwa kabisa na kipokezi kimeshika ile ya ukutani peke yake. Hapo umbali hurefuka tu, haufupiki kamwe. Mradi mzima umejengwa juu ya tofauti hii.

Hesabu ya urefu wa ziada ni rahisi. Ukuta ukiwa umbali d kutoka kwenye gari, na setilaiti ikiwa upande wa pili kwa mwinuko E (pembe yake juu ya upeo wa macho), njia ya ziada ni 2 × d × cos E. Kwa ukuta ulio mita 20 na setilaiti ya digrii 30, ziada ni karibu mita 35. Kioo cha jengo hurudisha ishara vizuri sana, kwa hiyo nguvu ya ishara peke yake haitoshi kumtambua mwongo, yaani ishara ya ukutani. Anga wazi hutoa dB-Hz 45 hadi 50 (kipimo cha nguvu ya ishara dhidi ya kelele). Iliyorudi kutoka kwenye ukuta wa mawe mara nyingi huwa chini ya 35, lakini iliyorudi kwenye kioo inaweza kuonekana kama ya halali.

Anga la kila kona lilipimwa kwa pembe. Jengo la mita 60 lililo mita 10 kutoka kwenye antena hufunga upande wake hadi digrii 80. Jengo la KICC, lenye mita 105, ukiwa mita 30 kutoka ukutani, hufunga hadi digrii 74. Kinachobaki katika barabara nyembamba ni ufa wa anga unaofuata barabara, kwa hiyo setilaiti zinazoonekana kweli zimejipanga mbele, nyuma na juu. Mahali pa gari kwa urefu wa barabara hujulikana vizuri. Kwa upana wa barabara, vibaya. Ndiyo maana kwenye ramani gari huruka na kuingia ndani ya majengo, na ni nadra kurukia mbele.

Nairobi ina faida moja na hasara moja kwa kuwa digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta. Setilaiti za GPS, zenye mzunguko ulioinama digrii 55, hupita kaskazini, kusini na utosini kwa uwiano mzuri, jambo ambalo miji ya mbali kaskazini haina. Hasara ni ionosfera ya ikweta, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, inayochafuka baada ya jua kuzama na kufanya ishara ipepese, hasa karibu na Machi na Septemba. Majaribio yote ya kulinganisha yanafanywa mchana. Rekodi za jioni zinawekwa kando na kuchambuliwa peke yake, la sivyo utailaumu Kimathi Street kwa kosa la anga.

Alama za kulinganishia zimepigwa rangi pembezoni mwa barabara. Msingi wake ni nukta mbili ndani ya Uhuru Park, mahali penye anga wazi, ambapo kipokezi kiliachwa kirekodi kwa saa kadhaa. Rekodi hizo zilikokotolewa kwa programu ya RTKLIB ya Tomoji Takasu pamoja na data ya kituo cha kudumu cha kupokea setilaiti cha RCMN kilichoko kwenye taasisi ya upimaji ramani ya RCMRD, Kasarani. Kutoka hapo vipimo vililetwa hadi barabarani kwa mashine ya wapima ardhi, kona kwa kona, na kufungwa kwa kurudi pale vilipoanzia.

Onyo kwa atakayefuata njia hii: alama nyingi za zamani za wapima ardhi nchini ziko kwenye mfumo wa majiranukta wa Arc 1960, na setilaiti ziko kwenye WGS 84. Tofauti ni takriban mita 300. Kwa ukubwa huo kosa huonekana mara moja. Hatari ni pale mtu anapolirekebisha kwa kusogeza tu hadi ramani ikae sawa, akabakiwa na mita chache ambazo baadaye zitaonekana kama kosa la bikoni. Tumia mfumo mmoja tangu mwanzo: WGS 84, UTM kanda ya 37 kusini, msimbo 32737. Kimo nacho kina yake: kimo cha GPS na kimo cha ramani vinapishana zaidi ya mita kumi hapa Nairobi, kwa hiyo andika kila mara ni kimo kipi.

Aprili. Vifaa

Bikoni sita zinatengenezwa, na mbili za akiba. Kila moja ina moduli ya redio ya DWM1000, bodi ndogo ya kompyuta ya ESP32, kidhibiti cha volti 3.3, kapasita ya µF 47 na nyingine ya nF 100 zilizolehemiwa karibu kabisa na pini za umeme za moduli, kigeuzi cha volti 12 hadi 5, fyuzi ya ampea 2, betri ya volti 12 yenye Ah 7, na kasha la plastiki la IP65, linalozuia vumbi na maji. Kapasita kubwa isiachwe: moduli ikianza kupokea huvuta zaidi ya mA 150 kwa ghafla, volti hushuka, na redio hujizima na kuwaka bila kutoa taarifa yoyote. Dalili yake ni bikoni inayojibu vizuri mezani na kunyamaza barabarani kwenye waya mrefu.

DWM1000 imechaguliwa badala ya kizazi kipya cha DW3000 kwa sababu moja: ina mwendo wa data wa kb/s 110, ambao kizazi kipya hakina. Mwendo huo wa polepole ndio unaofika mbali. Waraka wa chipu unataja hadi mita 290 mahali pa wazi. Barabarani hatutarajii hivyo, lakini tofauti kati ya kb/s 110 na Mb/s 6.8 ndiyo tofauti kati ya bikoni moja kila kona na bikoni kila mlango wa duka. Chaneli ni ya 5, katikati ya MHz 6489.6, upana MHz 499.2. Upana huo ndio siri ya redio hii. Pigo lake ni fupi mno, kwa hiyo nakala ya moja kwa moja na nakala ya ukutani hutenganishika hata zikipishana mita moja tu. Ishara ya kawaida ya GPS kwenye masafa ya L1 ina kipande cha msimbo chenye urefu wa mita 293, na mwangwi wa mita 35 humezwa ndani yake.

ESP32 na moduli huongea kwa SPI, njia ya data kati ya chipu na chipu. Kabla saa ya ndani ya moduli haijatulia, SPI isizidi MHz 3. Ikitulia inaweza kupanda hadi 20. Ukianza juu moja kwa moja, kitambulisho cha chipu, ambacho lazima kisomeke DECA0130, husomeka takataka, na fundi huanza kulehemu upya kitu ambacho hakikuwa na kasoro. WiFi ya ESP32 izimwe mara bikoni ikishapandishwa.

Umeme: moduli inayosikiliza muda wote pamoja na ESP32 isiyo na WiFi hula karibu wati 0.8, yaani Wh 19 kwa siku. Betri ina Wh 84. Betri ya risasi na asidi isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo inavumilia siku mbili bila jua. Paneli ya wati 20, kwa saa nne za jua zuri na hasara ya asilimia 40, hutoa Wh 48. Inatosha hata Julai yenye mawingu, mradi paneli iko juani. Jengo linaloziba setilaiti huziba jua vilevile, kwa hiyo bikoni za Mama Ngina zitachukua umeme wa maduka kwa makubaliano na wenyewe. Paneli zilizo juu zinawekwa kwa mwinamo wa digrii 10. Kwenye ikweta mwinamo hauongezi jua kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kuifanya mvua ioshe vumbi na masizi.

Masika yameonyesha jambo ambalo linafaa kuzingatiwa tangu kwenye mchoro. Mvua yenyewe haisumbui redio ya GHz 6.5 kwa umbali wa mita mia. Maji yanayosimama juu ya kifuniko mbele ya antena ndiyo yanayosumbua. Moduli inasimamishwa wima, antena juu, sentimita tatu kutoka kwenye ukuta wa kasha, na kasha linafungwa likiwa limeinama mbele ili maji yatiririke. Kusiwe na chuma wala waya ndani ya sentimita moja kutoka kwenye antena, na kasha lisipakwe rangi yenye chembe za metali.

Garini kuna kipokezi cha ZED-F9P kinachotoa vipimo ghafi (ujumbe wa RXM-RAWX), antena yake juu ya bamba la alumini la sentimita 15 kwa 15, moduli moja ya DWM1000 kwenye fimbo ya plastiki juu ya paa, ESP32 na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ya kukokotoa. Bamba lisidharauliwe. Wimbi la GPS huzunguka kulia, na likigonga ukuta mara moja sehemu kubwa yake hugeuka kuzunguka kushoto. Antena iliyokaa vizuri kwenye bamba hukataa sehemu ya wimbi hilo. Antena ndogo ya kauri iliyobandikwa kwenye dashibodi hulikataa kidogo zaidi.

Mei. Kusawazisha

Umbali kati ya bikoni na gari hupatikana kwa ujumbe wa kwenda na kurudi. Moduli huhesabu muda kwa vipande vya pikosekunde 15.65, ambavyo ni karibu milimita 4.7 za mwendo wa mwanga. Usahihi huo hupotea wote kama njia ya kupima ni mbaya.

Njia fupi ni ujumbe mmoja kwenda na mmoja kurudi. Kasoro yake ni kwamba saa za pande mbili hazilingani, na kosa hukua na muda wa kujibu: nusu ya tofauti ya saa, mara muda wa kujibu, mara mwendo wa mwanga. Kwa kb/s 110, ujumbe mmoja wenye utangulizi wa alama 2048 huchukua zaidi ya milisekunde 3 hewani, kwa hiyo jibu haliwezi kuja mapema. Weka tofauti ndogo tu ya saa, sehemu 10 kwa milioni, na muda wa kujibu wa milisekunde 5: kosa ni mita 7.5. Hiyo ni mbaya kuliko GPS yenyewe ikiwa Uhuru Park. Tunatumia jumbe tatu, ambapo kila upande hupima mzunguko mmoja na muda mmoja wa kujibu, kisha

T = (Ra × Rb − Da × Db) / (Ra + Rb + Da + Db)

ambapo R ni muda wa mzunguko na D ni muda wa kujibu. Tofauti ya saa karibu yote hujifuta. Gharama ni muda: umbali mmoja, pamoja na ujumbe wa nne unaobeba matokeo, hula karibu milisekunde 15.

Baada ya hapo kuna ucheleweshaji wa antena, yaani muda ambao ishara hutumia ndani ya moduli yenyewe. Nanosekunde moja ni sentimita 30, kwa hiyo thamani ya kiwandani haitoshi. Usawazishaji unafanywa kwa vifaa vitatu juu ya miguu mitatu, kimo cha mita 2, kwenye pembetatu ya mita 10 iliyopimwa kwa utepe wa chuma uwanjani, mbali na mabati na magari. Ziada ya kila jozi ni jumla ya ziada za vifaa viwili, kwa hiyo jozi tatu hutoa vifaa vitatu: k1 = (e12 + e13 − e23) / 2, na vingine hivyo hivyo. Kwa mfano ziada zikiwa sentimita 30, 24 na 18, basi k1 ni 18, k2 ni 12, k3 ni 6. Sentimita 18 ni vipande 38. Ongeza 38 juu ya thamani ya kuanzia ya 16436, upande wa kutuma na wa kupokea. Kisha pima tena kwa mita 5, 20 na 50. Ikiwa ziada inabadilika na umbali, sababu ni nguvu ya ishara inayopokelewa: ishara kali na ishara dhaifu husomwa kwa tofauti ya sentimita kadhaa, na hiyo hurekebishwa kwa jedwali. Usilazimishe nambari ya antena ilipie kosa hilo.

Muda wa garini ulichukua kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote mwezi huu. Gari la km/h 40 huenda mita 11 kwa sekunde. Kama vipimo vya setilaiti vinafika kwenye Raspberry Pi vimechelewa milisekunde 100 kwenye waya wa data, na vya redio vimefika papo hapo, kuna mita 1.1 za uongo ambazo hakuna hesabu itakayoziona, kwa sababu hugeuka upande gari linapogeuka. Usitumie muda wa kufika. Pini ya mpigo wa kila sekunde ya kipokezi, PPS, imeunganishwa kwenye ESP32, na kila umbali wa redio huandikwa muda kutokana na mpigo huo. Kumbuka pia kwamba vipimo ghafi viko kwenye saa ya GPS, ambayo tangu 2017 iko mbele ya UTC (saa ya kimataifa) kwa sekunde 18, na saa ya Nairobi iko mbele ya UTC kwa saa 3. Faili la majaribio libebe saa moja tu, ya GPS. Nyingine zihesabiwe wakati wa kuonyesha.

Jambo dogo linalosahauliwa: antena mbili za garini haziko mahali pamoja. Zikiwa zimepishana sentimita 60, pengo hilo lizungushwe kwa uelekeo wa gari kabla ya kuunganisha vipimo.

Juni. Kupandisha bikoni

Vishikizo vimekunjwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji kutoka kwenye chuma bapa cha milimita 4, vikiwa na mkono wa sentimita 50 unaoitoa bikoni nje ya ukuta. Mkono huo ni wa lazima. Bikoni iliyobandikwa ukutani huona nusu ya barabara tu, na mabango ya maduka huziba kilichobaki.

Kimo ni mita 4.5. Chini ya hapo vichwa vya watu na matatu zilizosimama huziba njia. Juu sana, umbali wa mshazari huanza kuficha umbali wa mlalo. Hata kwa mita 4.5, na antena ya gari mita 2.2, gari lililo mita 5 kutoka chini ya bikoni husomwa mita 5.5, kwa hiyo kimo cha kila bikoni kinapimwa kwa makini sawa na mahali pake. Basi refu likisimama katikati bado huziba, na hakuna kimo kinachofaa kitakacholimaliza hilo. Hesabu ndiyo itakayolishughulikia.

Mpangilio ni wa kupishana: moja kulia, inayofuata kushoto, karibu na makutano. Bikoni zote zikiwa upande mmoja kwenye mstari ulionyooka, hesabu ina majibu mawili, moja barabarani na jingine likiwa ndani ya jengo, sawa kama kwenye kioo. Makutano yamepewa kipaumbele kwa sababu hapo bikoni moja huhudumia barabara mbili, na kwa sababu gari linaloingia kona ndilo linalohitaji kujulikana limeshika njia ipi.

Ruhusa: kila jengo lina mwenyewe, na barua moja kwa kila mmoja ikieleza uzito, umeme unaotumika na tarehe ya kuondolewa huokoa mabishano mengi. Redio iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nguvu inabaki ndani ya kikomo kinachotumika kwa redio za aina hii, −41.3 dBm kwa kila MHz, na thamani za kutuma hazipandishwi hata bikoni ikionekana dhaifu. Nguzo za umeme hazijaguswa.

Julai. Hesabu inayofanya kazi

Kuna njia mbili za kuunganisha. Ya kwanza huchukua mahali palipotolewa na GPS na mahali palipotolewa na redio, kisha hutafuta wastani wa uzito. Tumeiacha. Mahali pa GPS pakishakokotolewa, setilaiti ya kweli na ya uongo zimeshachanganywa na hazitenganishiki tena. Ya pili huingiza kila umbali mmoja mmoja, wa setilaiti na wa bikoni, kwenye hesabu moja. Yasiyojulikana ni mahali, kasi, kosa la saa ya kipokezi na mwendo wa kosa hilo.

Thamani kubwa ya bikoni imejitokeza hapa, nayo inazidi sentimita zake. Umbali wa redio ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo hauna kosa la saa ya kipokezi ndani yake. Gari likiwa kwenye makutano na kuona bikoni tatu, mahali pake panajulikana bila setilaiti hata moja. Kimo huchukuliwa kwenye ramani ya barabara. Sasa kila setilaiti huulizwa swali moja: kutoka mahali hapa, saa ya kipokezi ina kosa gani? Setilaiti zinazoonekana kweli hutoa jibu moja, zikipishana mita chache. Zilizopita ukutani hutoa jibu kubwa zaidi, kwa sababu njia yao ni ndefu. Kama mfano, majibu yakiwa mita 412, 414, 413, 451 na 474, kosa la saa ni kundi la chini, karibu mita 413, na setilaiti mbili za mwisho zimejulikana ni za ukutani. Bila bikoni, hesabu ya kawaida hugawanya kosa hilo kwa wote: husogeza gari, hupandisha kimo na kupindisha saa hadi tofauti zinazobaki zionekane ndogo.

Saa ikishafungwa, faida haiishi gari linapoondoka kwenye makutano. Fuwele ya saa ndani ya kipokezi hairuki. Mwendo wa kosa la saa hupatikana kutokana na mabadiliko ya masafa ya setilaiti zilizothibitishwa. Sehemu moja kwa bilioni ya kosa katika mwendo huo ni sentimita 30 kwa sekunde, kwa hiyo saa hubebeka kwa sekunde kadhaa hadi bikoni inayofuata, na katika muda huo setilaiti mpya inayochomoza nyuma ya jengo hupimwa kabla ya kukubaliwa. Ndiyo maana bikoni moja moja kila kona inatosha, bila kujaza barabara nzima.

Lango la kukataa ni la upande mmoja. Setilaiti ikizidi matarajio kwa zaidi ya mita 6 hukataliwa. Ikipungua kwa kiasi hicho, mtuhumiwa ni hesabu yetu, kwa kuwa ukuta haufupishi njia kiasi hicho. Hapo programu hulegeza imani yake juu ya mahali na saa, na kusubiri bikoni.

Kila mfumo wa setilaiti una saa yake. GPS, Galileo na BeiDou zimepewa kila moja kosa la saa lake. Ukiziwekea moja, Galileo yote huonekana waongo kwa pamoja. GLONASS imeondolewa, kwa kuwa setilaiti zake hutuma kwa masafa tofautitofauti na kipokezi huongeza ucheleweshaji tofauti kwa kila masafa. Setilaiti za mifumo mitatu zinatosha.

Bikoni nazo hukaguliwa, kwani nazo huzibwa. Moduli hutoa nguvu ya ishara yote na nguvu ya njia ya kwanza. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 6, njia iko wazi na umbali hupewa kosa la sentimita 10. Ikizidi 10, huachwa. Katikati, hupewa nusu mita. Mabasi yanayosimama Moi Avenue yanaonekana waziwazi kwenye kipimo hiki.

Jam inahitaji matibabu ya pekee, na hili halipatikani katika majaribio ya gari linalotembea. Gari likisimama, kuta hazisogei na setilaiti husogea polepole, kwa hiyo kosa la mita 30 hujirudia lilelile kila sekunde. Kichujio cha Kalman, hesabu inayounganisha kila kipimo kipya na makisio yaliyotangulia, huhesabu kila sekunde kuwa shahidi mpya, na baada ya dakika chache kina uhakika kamili wa mahali pasipo sahihi. Tiba: kasi inayotokana na masafa ikibaki karibu na sifuri, vipimo vya umbali vya setilaiti hupunguziwa uzito kadiri kusimama kunavyoendelea, na mahali hushikiliwa palipo. Kasi hiyo huaminika hata kwa ishara ya ukutani, kwa sababu gari na ukuta vyote vimesimama. Gari likianza kutembea, uaminifu huo huondoka.

Programu hutoa hali tatu: inaaminika, inakisiwa, haijulikani. Ya tatu haina nukta kwenye ramani. Kwa mtu anayesubiri ambulensi, nukta isiyo ya kweli ni hatari kuliko kukosa nukta, na hatutakubali sura ya ramani itushinde katika hili.

Agosti. Chini ya Expressway

Uhuru Highway ina tabia tofauti. Daraja hufunika utosi, ambako setilaiti nzuri ziko, na kuacha za pembeni zenye mwinuko mdogo. Gari la juu na gari la chini lina latitudo na longitudo karibu zilezile, kwa hiyo ni kimo tu kinachowatenganisha, na kimo ndicho GPS hukosea zaidi.

Bikoni nne zimewekwa kwa jozi kwenye mihimili ya muda pembeni mwa barabara ya chini, mita 5 kutoka ardhini. Matokeo ya kwanza ni mazuri na sababu yake ni rahisi: gari la chini huona bikoni kwa njia iliyo wazi, na la juu huziona kupitia zege au halizioni. Tofauti ya nguvu ya njia ya kwanza inatosha kuamua ngazi hata kabla ya kukokotoa kimo. Kwenye njia za kupanda, ambako gari liko katikati ya ngazi mbili, uamuzi huo hautoshi. Hapo itaongezwa bikoni moja kwenye kila njia ya kupanda, kwa kimo cha ukingo wa daraja.

Kazi iliyo mezani sasa ni idadi ya magari. Umbali mmoja ukila milisekunde 15, bikoni nne ni milisekunde 60, na sekunde moja haiwezi kubeba zaidi ya magari 16 hata zamu zikipangwa bila pengo. Kwa stendi ya matatu hiyo ni kidogo mno. Njia iliyobaki ni bikoni kutuma kwa saa moja ya pamoja na magari kusikiliza tu, kila gari likikokotoa tofauti za muda lenyewe, bila kikomo cha idadi. Hilo linadai saa za bikoni zilingane ndani ya nanosekunde moja, na pia hurudisha kosa la saa ya gari ndani ya hesabu, lile lile ambalo ujumbe wa kwenda na kurudi ulituondolea. Mpango wa Septemba ni kuchanganya: gari huzungumza na bikoni mara moja kila sekunde tano ili kufunga saa, na kati ya hapo husikiliza tu. Bikoni mbili za akiba zimeshawekewa programu hiyo na ziko Uhuru Park zikipimwa kwa umbali wa mita 40, kila moja ikirekodi mwendo wa saa ya mwenzake.